Saa Nane kwa Bagalu, Saa Kumi kwa Bagika

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, Salvina Mayala alikaa mbele ya maiki katika redio moja ndogo ya Kahama na kuwasomea watu burudani za wiki hiyo. Studio ilikuwa juu ya duka la pembejeo, na harufu ya dawa ya pamba ilipanda hadi puani mwa mtangazaji. Sauti yake ilikuwa ya asali. Wasikilizaji walimpigia simu kumwambia kwamba akitangaza yeye, hata msibani mtu anatamani kwenda. Hawakujua kwamba maiki ikizimwa tu, Salvina alikuwa anasonya.

Na wiki ile kulikuwa na mengi ya kusonyea. Alhamisi, kwaya moja ya Ushirombo ilikuwa inazindua video yake, wanakwaya ishirini wamevaa kitenge cha aina moja wakitembea polepole pembeni ya maua ya hoteli, kana kwamba mbinguni kuna mapokezi na vyumba vya kupanga. Mgeni rasmi angechelewa saa tatu, angehutubia saa moja, kisha angeondoka kabla ya wimbo wa pili. Ijumaa, kwenye baa moja upande wa Buzwagi, kijana aliyejiita Mwamba wa Karasha angepanda jukwaani kufungua na kufumba mdomo huku santuri ikiimba kwa niaba yake. Jina alilitoa kwenye mashine za kusagia mawe ya dhahabu, lakini vidole vyake vilikuwa laini kama vya bibi harusi. Jumapili kulikuwa na shindano la kula ugali, na mshindi wa mwaka jana alikuwa bado anatibiwa tumbo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na vibaya vyote vya ukanda huu vilijitembeza mpaka mezani kwa Salvina vikiomba kusomwa.

Iliyobaki ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi hakuisonyea. Siku hiyo lilikuwepo tamasha la utamaduni pale Bugarama, na kwenye karatasi yake, chini kabisa, baada ya majina ya wageni na wadhamini, paliandikwa: Ngoma za asili, Mzee Mayala na Mzee Nkwabi. Mzee Mayala alikuwa baba yake.

Kabla kipindi hakijaanza aliingia Sostenes, mratibu wa tamasha, jasho linamtoka ndani ya koti. Alikuwa mtu wa Ushirombo, mwalimu wa kwaya wa zamani, na alipanga kila kitu kama mtu anayepanga misa.

"Dada Salvina, nisaidie. Wewe ni wa huku. Hawa wazee wa ngoma nimewaachia nafasi, lakini saa sijaandika. Watapanda mmoja mmoja, si ndiyo? Kama kwaya?"

Salvina alimtazama kwa huruma anayoonewa mbumbumbu. Mtoto mdogo wa Kisukuma angemcheka. Bagalu na Bagika hawapandi mmoja mmoja. Hawapandi jukwaani kabisa. Vikundi hivi viwili hupiga ngoma kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, huyu kule na huyu huku, na watu husimama katikati mpaka miguu yao iamue. Upande uliojaza watu ndio ulioshinda. Hakuna jaji wala karatasi ya alama, na hakuna mshindi wa tatu wa kufarijiwa kwa kikombe cha plastiki. Manju, yule anayetunga na kuongoza nyimbo, akichosha watu, watu wanamgeuzia mgongo mchana kweupe, naye anaona migongo yao.

Salvina alikuwa ameiona hiyo migongo. Mwaka jana baada ya mavuno, kule Ushetu, baba yake, manju wa Bagalu aliyewahi kuwaondoa watu mpaka kwenye foleni za kuuza tumbaku, aliachwa na uwanja mzima. Nkwabi wa Bagika aliingia na wimbo mpya, na watu wakahama kama maji yaliyofunguliwa. Mzee Mayala alibaki na wapiga ngoma wake wanne na mbwa mmoja. Salvina alilia nyuma ya gari la mizigo, akajiapiza kwamba hatakiona tena kitu kile kwa macho yake.

"Ndiyo," akamwambia Sostenes. "Mmoja mmoja. Andika Bagalu saa nane, Bagika saa kumi."

Sostenes akaandika, akashukuru, akaondoka anafuta shingo. Salvina akawasha maiki na kuyasoma yote kwa sauti ya asali, kwaya, Mwamba wa Karasha na ugali, na alipofika Jumamosi hakumeza hata mate. Saa nane baba angepiga peke yake. Watu wasingekuwa na pa kukimbilia. Wangesimama hapo hapo, na mzee angeona umati mbele yake kama zamani. Ilikuwa zawadi nzuri, na isiyo na gharama. Hivyo ndivyo alivyojidanganya siku tano nzima.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Wachimbaji walikuja na vumbi la mashimoni nyusini, wakulima na baiskeli zao, akina mama na viti vya kukunja. Sostenes alikuwa amejenga jukwaa lenye mapazia ya zambarau, na spika mbili ndefu zilizofanya mabati ya madarasa yatetemeke. Saa nane kamili akashika maiki akamkaribisha Mzee Mayala na kundi lake.

Mzee Mayala alikuwa chini ya jukwaa, upande wa kulia wa uwanja, amekaa juu ya ngoma yake kubwa. Wachezaji wake wa bugobogobo, ile ngoma ya majembe, walikuwa wamekaa chini, majembe yao ya kuchezea yamelazwa mapajani. Hakuna aliyeinuka.

"Mzee, muda wenu!" Sostenes akamshukia mbio. "Uwanja ni wenu mpaka saa kumi!"

"Nkwabi yuko wapi?"

"Nkwabi ni saa kumi, mzee wangu. Imetangazwa redioni."

"Basi na mimi ni saa kumi," akasema Mzee Mayala, akatoa ugoro wake.

Sostenes alimbembeleza, akamtaja mgeni rasmi, akamtaja mdhamini, hata Mungu akamtaja kidogo. Mzee akapiga chafya. Mwisho mratibu akarudi jukwaani akaweka santuri, na umati wa watu mia tano ukasimama juani kwa saa mbili ukisikiliza nyimbo ambazo kila bodaboda wa Kahama alikuwa nazo kwenye simu yake.

Salvina akamwendea baba yake, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani alipanga saa?"

"Sostenes ndiye mratibu, baba."

"Sostenes ni mtu wa kwaya, hajui kitu. Nakuuliza nani alipanga saa, ng'wanone, mwanangu."

Salvina, ambaye kila wiki aliongea na wilaya tatu bila kukwama, aliinamisha kichwa. Alitazama majembe. Wachezaji wakaanza ghafla kujishughulisha na njuga za miguuni.

"Kule Ushetu walikuacha wote," akasema mwishowe. "Nilikuona, baba. Sikutaka ikupate tena mbele za watu."

"Na mimi nilikuona unalia nyuma ya lile gari. Nikasema, mtoto ana uchungu wa baba yake, vizuri." Mzee akafunga kopo la ugoro. "Waliniacha kwa sababu niliimba wimbo wa zamani, na niliimba kama nimelazimishwa. Ilikuwa haki yao. Nikarudi nyumbani nikalala kama mtu aliyeshindwa, asubuhi nikaamka nikatunga. Leo ulitaka nikalale kama nani?"

"Baba, mimi nilitaka tu..."

"Nkwabi amenitukana miaka thelathini. Ameimba meno yangu, ameimba ng'ombe wangu waliokufa, amemwimba mpaka marehemu mama yako kwamba alinipikia kwa chumvi nyingi. Hajanidharau hata siku moja. Aliyenidharau ni wewe."

Alisema bila kupandisha sauti, na ndiyo maana iliuma. Salvina alitaka kujitetea, lakini hesabu ilimkataa. Watu wote aliowasonya mwaka mzima, wanakwaya, mabubu wa santuri na mabingwa wa ugali, alikuwa amewaacha wajiaibishe wenyewe kwa hiari yao. Baba yake tu ndiye aliyemnyima haki hiyo.

Saa kumi Nkwabi akaingia na Bagika wake, mrefu, mkavu, kofia ya manyoya imemshukia machoni. Alipoona mpinzani wake bado amekaa, alicheka mpaka akakohoa.

"Mwadila, Mayala! Nilisikia redioni kwamba umepewa uwanja wako peke yako, kama mgonjwa wa surua!"

"Mwadila, Nkwabi! Nimekusubiri. Kumshinda mtu ambaye hayupo ni kazi ya wanasiasa."

Wakashikana mikono kwa furaha ya kweli, kila mmoja akaenda upande wake, na Sostenes akiwa bado anatafuta kwenye ratiba yake mahali pa kuliandika jambo hili, ngoma zote mbili zikalia kwa wakati mmoja. Spika zake zikawa kelele ya mbali. Mtu mmoja mwenye akili akazizima.

Dakika za mwanzo watu waligawanyika sawa. Kisha Nkwabi akatoa wimbo wa bei ya mpunga na mnunuzi mwenye mizani inayokula, na kila mkulima akajisikia ameimbiwa yeye. Wakaanza kuhama. Mzee Mayala akajibu, majembe yakaruka na kudakwa, lakini migongo ikaendelea kugeuka. Haikupita muda, upande wa Bagalu wakabaki watu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa Salvina, amesimama mstari wa mbele, anapiga makofi, uso umemshuka hadi kifuani.

Mzee Mayala akamsogelea huku anacheza, jembe begani.

"Unafanya nini hapa?"

"Niko na wewe, baba."

"Unapiga makofi kama uko msibani. Anayesimama kwenye ngoma yangu awe ameipenda. Nenda kwa Nkwabi."

"Baba!"

"Nenda!"

Akaenda. Alivuka uwanja mzima peke yake, watu wanamtazama, na kila hatua ilikuwa ndefu. Alipofika upande wa Nkwabi akajibanza katikati ya wachimbaji, na hata katika aibu ile ikabidi akiri kwamba ule wimbo wa mizani ulikuwa mtamu.

Hapo nyuma yake ngoma ya Bagalu ikakatika. Kisha sauti ya baba yake ikapanda peke yake, kwa Kisukuma, na kwa Kiswahili maneno yalikuwa kama haya:

"Nimezaa redio, jamani, nimezaa redio,
inaongea na kila mtu, baba yake haimuulizi.
Imeniona na mvi, ikaniwekea uwanja wangu,
nipige ngoma kwa watu waliofungiwa mlango!
Salvina, saa ngapi?"

"Salvina, saa ngapi?" wachezaji wakaitikia, na majembe yakagongana.

Mchimbaji mmoja akageuka. "Salvina? Yule wa redioni?" Akamtazama aliyesimama ubavuni mwake, akamtambua, akapasuka kicheko, akaondoka mbio kwenda kusikiliza vizuri. Wenzake wakamfuata. Mzee alikuwa anaendelea. Aliimba sauti ya asali, akaimba kusonya maiki ikizimwa, jambo ambalo Salvina aliamini hakuna anayelijua. Aliimba kuhusu binti anayewacheka wenye santuri, kumbe naye amemwekea baba yake umati wa kukodi. Kila ubeti uligonga penyewe. Akina mama walibeba viti vyao wakavuka uwanja. Wenye baiskeli walizikokota. Ulikuwa wimbo ulioivishwa saa mbili juani, juu ya ngoma, na kopo la ugoro mkononi.

Salvina alibaki pale pale. Watu walipomwishia pembeni, akajikuta yuko peke yake mbele ya Bagika, na Nkwabi anafuta jasho kwa kofia.

"Binti, umetumaliza," akasema Nkwabi. "Wimbo kama ule hata mimi ningemuuza binti yangu niupate. Sasa unangoja nini?"

"Mzee Nkwabi, wote wamekuacha. Nimeona nibaki kidogo."

Nkwabi alimtazama kuanzia viatu hadi kilemba, kisha akatema mate pembeni.

"Wewe mtoto husikii! Na mimi unanionea huruma? Toka hapa!"

Akaondoka, amefukuzwa pande zote mbili za uwanja katika jioni moja. Nyuma ya umati wa baba yake hakuona kitu ila migongo na vumbi, na juu ya vichwa majembe yakiruka na kushuka. Hakuna aliyempisha. Wimbo huu ungeimbwa mavuno yote, Msalala hadi Ushetu, na kila aendako sokoni mtu angemuuliza saa. Alijua hivyo, na aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Alimchukia baba yake kwa muda wa ubeti mmoja hivi. Kisha akasikia jinsi sauti ile ya kizee ilivyosimama imara, haijalazimishwa wala haijaomba, na machozi yakamtoka.

"Salvina, saa ngapi?" mzee akauliza kutoka katikati.

Uwanja ukavuta pumzi. Salvina akafungua mdomo akaitikia pamoja nao, kwa sauti yake yote.