Mbao Katika Nyumba ya Fundi Mawe

Katika duka la vifaa vya nyumba, Glenys alikuwa ameweka kiganja juu ya kipande cha jiwe jeupe, na hakukiondoa. Neville aliona, akajifanya anatazama mabomba ya bafuni kwenye rafu ya pili.

"Hicho kinapendwa sana," alisema Tahlia, binti aliyekuwa akiwahudumia. "Jikoni, bafuni, popote kinakubali. Na siyo lile jiwe la zamani la kiwandani, lililopigwa marufuku kwa kuwaua mafundi mapafu, mama, usiwe na wasiwasi. Hili halina lile vumbi baya."

Neville alikohoa. Hakukusudia. Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupikifupi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyotaka kufunguliwa. Wote watatu walisubiri kiishe.

"Pole, mzee," Tahlia akasema, asijue anampa pole ya nini.

Zaidi ya miaka ishirini Neville Trembath alikuwa amewakatia watu kaunta za mawe katika karakana moja huko Corio, upande wa viwandani wa mji wa Geelong, Australia. Alikata za majumba ya ufukweni, alikata za mabafu ambayo hata nyumba yake nzima ingeingia ndani. Siku hizo jiwe lilikatwa kavu, kwa kuwa maji yalichelewesha kazi, na jioni alirudi nyumbani mweupe mpaka kope. Glenys alikuwa akimcheka mlangoni kwamba aliolewa na fundi mawe lakini kila siku analetewa muoka mikate. Kisha ikaja siku ya daktari kuwasha taa nyuma ya picha ya mapafu, na Neville akaona humo weupe uleule. Dragan, aliyekuwa akikata mawe naye kwenye meza moja, walimzika kwa ugonjwa huohuo kabla ya Krismasi, akamwacha mkewe Mirjana.

Na kwa kuwa mganga hajigangi, kaunta ya nyumbani kwake ilikuwa bado ile ya mbao iliyobandikwa plastiki, waliyoikuta walipohamia. Pembeni mwa sinki ilikuwa imevimba kama unga uliotiwa hamira, na wiki iliyopita sinki lenyewe lilianza kuzama.

"Lile la gereji lipo," Neville alinong'ona. Alikuwa na bamba zima la jiwe jeupe nyuma ya baiskeli, limefunikwa blanketi, alilomwekea mkewe tangu kabla ya marufuku. "Limebaki tundu la sinki tu. Nitalimwagia maji, nivae barakoa. Robo saa."

"Hapana, Nev."

"Tundu moja, Glenys!"

"Nimesema hapana." Aliondoa mkono juu ya jiwe, akaenda hadi ukutani kwenye sampuli za mbao. Alizigusa moja moja, akainama akanusa, akasimama kwenye moja yenye rangi ya asali. "Nataka hii."

Tahlia alisita. "Ni nzuri, lakini niseme ukweli, mama, mbao inadeka. Usiweke sufuria ya moto. Maji yasilale karibu na sinki. Sisi tunaileta imekatwa na kupigwa msasa, lakini mafuta mtapaka wenyewe, mara tatu nne mwanzoni, halafu kila baada ya miezi michache. Milele."

"Milele?" Glenys aliuliza, kwa uso wa mtu aliyeambiwa bei imeshuka. "Basi tuandikie hiyo."

Waliegesha gari mbele ya ghuba, kila mmoja na pai yake ya nyama kwenye mfuko wa karatasi. Upepo ulikuwa ukiwasukuma shakwe nyuma.

"Watu watasema nini?" Neville alilalamika. "Fundi mawe, jikoni kwake mbao kama bucha!"

"Watu gani? Anayekuja kwetu ni dada yangu peke yake, na yule hata miwani yake haioni."

Neville karibu acheke. Alikunja mfuko wa pai, akaukunja tena. "Nilitaka ubaki na kitu changu," alisema. "Kitu kisichooza."

Glenys aliacha kutafuna. Nje, mzee mmoja aliyevaa skafu ya buluu na nyeupe ya timu ya mpira ya Geelong alikuwa akimburuta mbwa asiyetaka kuondoka majini.

"Mirjana anayo ile kaunta Dragan aliyomkatia," Glenys alisema. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Kazi safi sana ile."

"Siku hizi ameifunika kwa vitambaa vya meza. Yote, Nev, mpaka ukutani. Anaponimiminia chai anasema nisivifunue, kama vile kuna mtu amelala chini yake. Sikukwambia. Sasa nakwambia." Alijifuta vidole. "Mimi sitaki kufunika kitu nyumbani kwangu."

Neville aliwasha gari, kisha akalizima. Walikaa hapo mpaka pai ya Glenys ikapoa, naye akaimalizia hivyohivyo.

Jumatatu wenzake wawili wa zamani walikuja na gari kulichukua bamba, likafukiwe dampo. Neville alikuwa amekwisha kulimwagia maji kwa mpira wa bustani na kulizungushia nailoni, vumbi lisiruke. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, mahali alipokuwa ameuviringisha ili kiuno cha mkewe kisichubuke, halafu akawafungulia lango.

"Lisivunjwe," aliwaambia.

"Tunajua, Nev," mmoja akajibu, na hakumtazama kifuani.

Kaunta ya mbao ilifika na mvua. Mafundi waliifunga, wakateremsha sinki kwenye tundu lake, wakaenda zao. Asubuhi iliyofuata, Glenys akiwa anatoka kwenda kuwapikia watoto wa shule, alimwekea Neville mezani kopo la mafuta na kitambaa cha pamba.

"Kazi yako hii," alisema. "Na usifanye haraka. Hakuna bosi hapa."

"Bosi ndiye anayesema hivyo," Neville alimjibu.

Alianzia upande wa dirisha. Aliona aibu kwanza, akasugua kama mtu anayefuta meza ya hotelini. Kisha mkono ukaanza kufuata nyuzi za mbao, na mbao ikaanza kukolea, kutoka asali kuwa chai ya rangi, na jicho moja, fundo la mti lililokuwa limejificha karibu na ukuta, likafunguka lote. Hakukuwa na kelele. Hakukuwa na chochote hewani ila harufu ya mafuta. Alifika kwenye sinki, pumzi ikambana, akavuta kiti akaketi.

Glenys aliporudi mchana alimkuta hapo. Nusu ya kaunta ilikuwa imekolea, nusu kavu. Alivua koti lake lililolowa, akakitazama kitambaa mkononi mwa mumewe, na hakukiomba.

"Nusu nyingine kesho," Neville alisema.

"Kesho," Glenys aliitikia, akavuta kiti cha pili.

Walikaa wakitazama. Pale kitambaa kilipoishia, mafuta yalikuwa bado yakitembea yenyewe, taratibu, yakifuata nyuzi kuingia kwenye mbao kavu.