Likizo ya Lazima ya Irine

Sokoni Kilosa niliambiwa kwamba mfanyakazi wa benki akipewa likizo ya lazima, ndiyo basi tena, harudi. Binti yangu Irine, karani wa benki kule Mikumi, alikuwa ndani kwangu hapa Rudewa kwa likizo hiyo hiyo.

Nilipomuuliza alicheka. "Mama nawe! Ni utaratibu mpya. Kila mtu anaondoka kwa zamu, mwingine anashika kazi yake. Kama umeficha uchafu, utaonekana."

Wifi yangu Salome akadakia, "Likizo ya kulazimishwa! Mimi nani wa kunilazimisha kulala?"

"Shangazi, wewe hulazimishwi, unalala mwenyewe."

Tulicheka sana. Nilikuwa nimeikosa sauti ya Irine ndani ya nyumba. Zamani alikuja Jumapili tu, chakula hakijaiva anatazama saa.

Tukiwa tunapukuchua mahindi, simu ikaita. Ni Ditram, aliyeshika kazi yake. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia yote.

"Dada Irine, kompyuta inataka idhini yako. Nipe namba yako ya siri."

"Si wamekataza, Ditram?"

"Dada, wazee wa pensheni wamesimama juani! Tangu lini tunanyimana?"

Ni kweli, ofisini kwao namba hizo waliazimana kama majirani wanavyoazimana chumvi. Mmoja akienda msibani, mwenzake anafanya kazi kwa namba yake. Irine akaona haya kukataa. Akamtajia.

Hakuna kilichoibwa. Ila kompyuta ilionyesha Irine yuko kazini, na ofisi inajua yuko likizo. Kesho yake akaitwa, mahindi tumeyaacha nusu. Meneja akamwambia ushirikiano wa namna ile umekwisha. Wakamhamishia Mpanda, mbali sana na kwetu.

Sasa nabaki na simu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Unakuja lini?" Hapo ananiuliza habari za mahindi. Jumapili pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, natoka nje kutazama. Inapita.

Mzazi mwenye mtoto benki, mwambie aepuke haya:

Kumtajia mtu namba ya siri, hata awe rafiki wa kufa na kuzikana.
Kutumia namba ya mwenzake, hata kwa nia njema.
Kushughulikia kazi kwa simu akiwa likizo.
Kusema "tumezoea" wakati utaratibu umebadilika.
Kuona haya kusema hapana.