Nyota katika Boma la Gidabuday

Jumamosi moja ya mwaka 1974, Mwalimu Kornelia alianika picha pamoja na nguo za mtoto kwenye kamba moja, jikoni kwake Basotu. Alikuwa amezisafisha mwenyewe. Jioni iliyotangulia aliacha lenzi wazi, kamera ikielekea pale kilimia, lile kundi la nyota, kinapokaa, ili darasa la sita wakione vizuri. Picha zote zilitoka nyeupe kama sahani. Tangu shamba la ngano lisimamishe taa kwenye nguzo ndefu, anga ya Basotu ilikuwa na rangi ya uji, na kamera ilipiga uji.

Nyota zenyewe hazikupotea. Zilikuwa zimehamia kwenye boma la mzee Gidabuday, nyuma ya kilima, ambako mwanga wa taa haukufika. Zililala zizini katikati ya ng'ombe. Wake wa mzee walilalamika tu kwamba ni kazi kuzoa samadi bila kuzizoa nazo, na ndama mmoja alizilamba mpaka ulimi ukachubuka.

Kornelia alikwenda huko jua likizama. Alimkuta mzee akikagua kwato za dume.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umefuata nyota."

Alikubali. Mzee akamweleza bila haraka kwamba nyota hazikuanzia kwake. Taa zilipowashwa, nyota zilishukia kwanza makaburini, pale baba yake alipolazwa chini ya udongo ulioinuliwa kama kilima kidogo, na wenzake kando yake. Makaburi yalipoondolewa ndipo zikaja kwa ng'ombe. Kornelia aliuliza nani aliyeyaondoa. Mzee alisema hakuona. Alikwenda asubuhi kummwagia baba yake maziwa, akakuta pamelimwa. Akaomba picha ipigwe kule badala ya zizini, huenda kamera ikaona zaidi yake.

Wakaenda hadi ukingoni mwa shamba, ambako ngano ilikuwa imefika magotini. Kornelia akasimamisha kamera, akaacha lenzi wazi huku taa zikiwapiga machoni. Mzee aliegemea fimbo yake.

Usiku huo jikoni, picha ilipojitokeza kwenye sinia la dawa, ngano haikuwamo. Makaburi yalikuwamo, yamesimama yote, nyota zimekaa juu yake. Juu ya kaburi kubwa kuliko mengine palikuwa na trekta, jembe lake limezama katika udongo. Taa zilimmulika dereva usoni, kwa hiyo alionekana vizuri kuliko katika picha yoyote aliyowahi kupigwa, hata ile ya harusi. Alikuwa Reginald, mume wa Kornelia.

Kornelia akakaa sakafuni, mikono ikinuka dawa, na mtoto wao Efrazia alipomjia akilia hakumsikia. Yeye ndiye aliyekuwa akifua ovaroli za Reginald. Udongo ule alikuwa ameufua kwa mikono yake.

Reginald aliporudi aliikuta picha mezani, kando ya ugali.

"Baba Efrazia, ulijua ni makaburi?"

"Nilijua."

"Na ukapita."

"Tuliambiwa tulime usiku. Mchana wenye makaburi wangesimama mbele ya trekta." Akanawa mikono. "Ndiyo maana taa zikaletwa. Ulidhani ni za nini?"

Kornelia alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba ni za maendeleo, nao walikuwa wameandika hivyo.

Jumatatu aliipeleka picha kwa ofisa wa shamba. Ofisa aliigeuzia dirishani, akasema trekta limetokea vizuri sana, akaomba nakala ya kutundika siku ya Saba Saba. Kuhusu makaburi alisema eneo lile lilipimwa likaonekana halina watu. Mkutano uliitishwa, na waliolala pale hawakujitokeza kupinga.

Baada ya mavuno shamba lilipanuliwa hadi nyuma ya kilima, na Gidabuday akaambiwa aondoke. Jioni ya kuondoka alipita kwa Kornelia, ng'ombe wakimsubiri barabarani, nyota zimejichanganya na mbuzi. Aliomba ile picha. Kule anakokwenda, upande wa Hirbadaw, hakuwa na pa kummwagia baba yake maziwa.

Kornelia akampa. Akamwonyesha kwa kidole mtu aliye juu ya trekta, akamtaja jina, akasema ni mume wake. Mzee akasema anamwona. Akailaza picha chini mlangoni, akafungua kibuyu, akamwaga maziwa kidogo juu ya kaburi. Mengine yalitiririka juu ya trekta.

Reginald akatoka ndani, amevaa tayari kwa zamu. Akasimama.

"Shikamoo, mzee."

Gidabuday alimtazama usoni, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Marahaba," alisema, maana ndivyo salamu hiyo inavyoitikiwa.

Reginald akayakwepa maziwa, akaenda kazini. Haukupita muda jenereta likanguruma, na taa zikawaka.