Matanga Kibarazani kwa Nagamma

Nitegulie hili, mjukuu wangu: sahani yangu haioshwi, hukunjwa. Umeshindwa? Nipe mji, basi. Ni jani la mgomba. Na juu ya jani hilo Mwanamfalme Mahyar alikuwa akila wali na mchuzi wa ukwaju, jioni ile baba yake marehemu alipopanda kibarazani, akavua viatu, akaketi.

Mahyar alikuwa mkimbizi kwa Raja, mfalme wa nchi jirani, tangu kaka yake alipokalia kiti cha baba yao. Alifika na Kiajemi kitupu. Sasa alitunga mashairi ya Kitelugu, na hata akijikwaa kidole alilia Kitelugu. Aliyemlea katika lugha hiyo ni Nagamma, mjane wa jikoni. Nagamma alimtazama mgeni, akaona jeraha la kisu mgongoni, akaenda kukata jani jingine.

Marehemu alikula, kisha akalikunja jani kuelekea nje. Nagamma akanuna. Kwa Watelugu aliyeshiba hulikunjia jani upande wake. Kulikunjia nje ni kwa chakula cha matanga tu.

"Mzee, hapa kwetu hajafa mtu."

Mahyar akatafsiri.

"Na mimi je?" akauliza marehemu.

Nagamma akaona ana haki. Akauliza kama kwao walimfanyia matanga. Hawakumfanyia, siku ya maziko zilipigwa ngoma za kumsimika mfalme mpya. Basi nitakupikia mimi, akasema, ule, ukalale.

Marehemu akakataa. Hangeweza kulala kabla ya kujua aliyekituma kile kisu. Yeye alikuwa amesujudu, hakuona kitu. Akamwuliza mwanawe. Mahyar akamwongezea samli.

Ikawa kila magharibi anakuja. Nagamma akamfundisha kuomba chumvi, kuomba maji, kusema inatosha. Mahyar alimsomea mashairi yake, na mzee alicheka mahali pasipochekesha. Mara nyingi alimtaja mwanawe wa kwanza, jinsi alivyozoea kumbeba Mahyar mgongoni, na jinsi lazima analia peke yake huko. Kisha aliuliza tena, na Mahyar akaanza habari za tembo wa Raja. Mkeka ukilowa damu, Nagamma aliufua.

"Unamficha jina la muuaji ili aendelee kuja," Nagamma alimwambia Mahyar jikoni. "Raha ni yako, we mtoto, na mgongo unaovuja ni wake."

Mahyar akachukua mkeka uliofuliwa, akautandika tena kibarazani.

Mwaka huo kaka mtu alimletea Raja farasi wazuri, Raja akawapokea, na habari ya kisu haikuzungumzwa tena barazani kwake.

Nagamma hakungoja ruhusa ya mtu. Akapika chakula cha matanga, akatandika majani matatu, akaketi na yeye. Marehemu hakugusa wali. Akauliza, safari hii kwa Kitelugu, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe:

"Nani, mwanangu?"

Kwa Kiajemi jina lile lilikuwa la mtu aliyembeba mgongoni. Kwa Kitelugu Mahyar hakuwahi kumwita. Akaweka tonge chini, akajibu kwa Kitelugu.

"Ni kaka, baba."