Mkono Uliolala

Mtaani pale, ukitaka nguo ikukae kama umezaliwa nayo, ulielekezwa kwa Mama Pindo. Jina alipewa na wateja, maana hakuwahi kutoa nguo yenye pindo lililokwenda upande. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na cherehani ya miguu aliiweka karibu na mlango, mwanga unapoingia.

Asubuhi moja alikuwa anakata sare za shule, mkasi ukamponyoka. Akainama auokote, vidole vya mkono wa kulia vikakataa kufunga. Akataka kumwita mumewe, ulimi ukawa mzito. Mume, kinyozi mwenye kibanda jirani tu, alimkuta ameketi sakafuni, mdomo umeenda upande.

Hospitali wakasema ni kiharusi. Ulimi ulirudi upesi, mguu nao ukakubali baada ya mazoezi. Mkono ukabaki unaning'inia.

"Unaweza kurudi, unaweza usirudi," daktari alisema. "Sikudanganyi."

"Asante kwa kunieleza kweli," alijibu Mama Pindo. "Yaliyobaki nitamwuliza aliyeuumba."

Nyumbani, wifi yake, dada wa kinyozi, alikuja kila siku na chakula na ushauri. Chakula kilikolea vizuri. Ushauri ndio uliozidi chumvi.

"Wifi, uza hiyo cherehani," alisema siku moja. "Tangu ulazwe unaomba, na mkono uko vilevile."

"Nimemwomba Mungu mkono, na nimemwomba kazi. Sijui ataanza na kipi. Sasa niuze cherehani, halafu akileta kazi nimwambie nini?"

Kinyozi alicheka mpaka chai ikampalia.

Si kwamba Mama Pindo hakuogopa. Akiwa peke yake bafuni, akihangaika na vifungo vya gauni kwa mkono mmoja, machozi yalimtoka. Hapo alisema na Mungu bila kupamba maneno: "Nimechoka, Mungu wangu. Lakini sikuachi, na najua wewe huniachi." Kisha alinawa uso, akatoka na vifungo vyake vikiwa vimepishana, amenyoosha shingo kama kawaida.

Wiki iliyofuata akamwomba mumewe amfungulie chumba cha kazi. Aliketi, akazungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto, akakanyaga. Kitambaa kikakimbia, mshono ukaenda kilevilevi. Akafumua, akaanza upya. Kikakimbia tena, akafumua tena.

Wifi alimkuta katika hali hiyo. Alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akitazama, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Unanitia uchungu, wewe." Akaweka sufuria chini, akavuta kigoda, akashika kitambaa upande wa kulia. "Nivute au nisukume?"

"Usivute wala usisukume. Kiongoze tu, kama unamvusha mtoto barabara."

Wakamaliza foronya moja. Wifi akaigeuza nje ndani, ndani nje, akitafuta kasoro.

"Imenyooka," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa ugomvi.

Kesho yake alifika mapema, mikono mitupu. Akafundishwa kukata, maana mkasi ule katika mkono wa kushoto ulikuwa unatafuna kitambaa tu. Kinyozi akaanza kulalamika kwamba amepata mafundi wawili na mpishi hana.

"Unaona?" Mama Pindo alimwambia wifi yake. "Niliomba mkono mmoja, Mungu kaniletea miwili, na mdomo juu."

"Usinitie kwenye maombi yako. Mimi nilikuja kuleta mchuzi." Lakini alitabasamu, na hakuacha kukata.

Miezi ikapita. Kidole gumba cha kulia kikaanza kucheza, baadaye kiganja kikaweza kukandamiza kitambaa kisikimbie. Mkasi hakikuuweza, na daktari alisema pengine mkono utaishia hapo. Mama Pindo alishukuru kwa kilichorudi, na kwa kisichorudi akaendelea kuomba bila kununa.

Shule zilipofunguliwa, sare zilikuwa zimeshatoka zote. Siku hiyohiyo akaingia bibi harusi mtarajiwa na mama yake. Mama mtu akautazama ule mkono, akasita.

"Tumesikia uliumwa. Gauni la harusi utaliweza kweli?"

"Mungu amenisimamia mpaka hapa, hataniacha kwenye gauni la binti yako," Mama Pindo alisema. Alikuwa ameshakamata utepe wa kupimia. "Wifi, shika ncha hiyo. Binti, simama wima, usivute tumbo ndani."