Kunguru wa Kaburi la Osbert

Mwaka ule wa vita vya Uskoti, Bwana Miles Orwick alirudi nyumbani na hasira ambayo Waskoti hawakuhusika nayo. Kambini alikuwa amekutana na mtu wa kaskazini, Fulk Wadlow, aliyebeba ngao nyeupe yenye kunguru watatu weusi, sawasawa na ya kwake. Kila askari wa farasi aliyepewa cheo na mfalme alikuwa na alama yake, aliyoirithi kwa baba na babu, na wawili hawakuruhusiwa kubeba moja. Fulk alisema kunguru ni wa ukoo wake tangu zamani. Bwana Miles akamwambia ni mwongo. Wenzao waliwatenganisha kabla panga hazijatoka, na kesi ikapelekwa kwenye mahakama ya mfalme inayoamua mambo ya vita na heshima.

Mahakama ilitaka jambo moja tu: babu wa nani aliitumia alama hiyo kwanza. Ikatuma makarani waende kwa kila upande kusikiliza mashahidi.

Bwana Miles hakuwa na wasiwasi. Katika kanisa la Orwick kulikuwa na kaburi la babu yake, Osbert, na ubavuni mwake ngao ya mawe yenye kunguru watatu. Tangu utotoni aliambiwa na baba yake, marehemu Bwana Aymer, kwamba Osbert aliwabeba kunguru hao vitani Ufaransa. Alichokosa ni mtu mzima wa kuapa kwamba ngao ile ni ya siku nyingi. Akamwendea Wat Gedding, fundi mawe, mzee wa miaka inayokaribia sabini, aliyeharibiwa kifua na vumbi la kazi yake.

Wat alikuwa mezani kwa binti yake, Avis, akila uji wa njegere. Alisimama, akamkaribisha bwana wake, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba Avis atoke kidogo.

"Bwana, kwa hisani yako, tafuta shahidi mwingine," alisema.

"Kwa nini? Hakuna anayelijua kanisa lile kama wewe, Mzee Wat."

"Ndiyo sababu."

Akamweleza. Mwaka uliofuata ile tauni kubwa, Bwana Aymer alikuwa ametoka tu kupewa cheo, wa kwanza katika ukoo wao. Alimwita Wat kanisani, mlango ukafungwa, akaamriwa afute kilichochongwa kwenye ngao ya Osbert na kuchonga kunguru mahali pake. Kilichokuwepo kilikuwa mkasi wa kunyolea kondoo. Osbert hakuwahi kufika Ufaransa. Alikuwa mfanyabiashara wa manyoya.

Bwana Miles hakumwita mzee mwongo, na Wat alitamani angemwita, maana ingekuwa rahisi kubishana.

"Kunguru wapo pale leo?" aliuliza mwishowe.

"Wapo."

"Basi ukiulizwa kama wapo, sema wapo. Sikuombi useme kisicho kweli."

Bwana Miles alipoondoka, mkwe wa Wat, Simon, mumewe Avis, aliingia kutoka uani, na ilionekana wazi alikuwa amesikia. Shamba alilolima Simon lilikuwa la Bwana Miles, na ruhusa ya kulilima ilitolewa upya kila mwaka baada ya mavuno. Hakulitaja moja kwa moja. Alisema tu kwamba watoto ni wanne sasa, na kwamba mtu akiulizwa swali dogo si lazima atoe jibu kubwa. Avis akamwambia amwache mzee ale.

Makarani walikuja wiki ya pili, wawili, wakaweka meza yao kanisani karibu na kaburi. Padri aliapa, msimamizi wa shamba akaapa, wote wakasema kunguru ni wa siku nyingi. Wat alipoitwa aliweka mkono juu ya Injili. Karani mkubwa, mtu mwembamba mwenye mafua, alimuuliza kama anaiona ngao ile. Akasema anaiona. Ina nini? Kunguru watatu. Bwana Miles, aliyesimama nyuma, alishusha pumzi. Lakini karani hakuwa mtu wa kuridhika upesi.

"Uliwaona kunguru hawa kwa mara ya kwanza mwaka gani?"

Wat alikohoa, akafuta mdomo.

"Sikuwaona, bwana. Niliwachonga."

Akaeleza yote. Karani alipotaka ushahidi, mzee alimwambia apitishe kidole chini ya bawa la kunguru wa katikati. Jiwe pale lilikuwa jembamba. Alipokuwa kijana aliogopa kulitoboa, akaacha mpini wa mkasi ukijitokeza unene wa punje ya shayiri. Karani akapapasa. Akamwita mwenzake naye apapase. Wakaandika.

Hukumu ilikuja wakati wa baridi: kunguru wakapewa Fulk Wadlow. Bwana Miles alipompita Wat njiani alitazama mbele. Simon alipanda ngano mwaka ule bila kujua kama ataruhusiwa kupanda mwaka mwingine, na nyumbani alimsemesha mkwewe kwa kifupi: chumvi ile, mlango ule.

Mavuno yalipokuwa karibu kwisha, Bwana Miles alikuja tena, kwa miguu, peke yake. Wat alikuwa amekaa juani. Bwana Miles akakaa kwenye jiwe la pembeni bila kukaribishwa.

"Ulimjua?" aliuliza.

"Nani, bwana?"

"Osbert. Baba hakunisimulia kitu chake hata kimoja. Mambo yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya vita ambavyo hakupigana."

Wat hakumjua, lakini baba yake alimjua. Akasimulia alichosikia: kwamba Osbert alianza na punda mmoja, akitembea gulio hadi gulio, kwamba akishika manyoya gizani aliweza kusema kondoo alilishwa bonde gani, kwamba alicheka kwa sauti hata kanisani, na kwamba alichechemea tangu ujana.

"Mguu gani?"

"Wa kushoto, nadhani. Baba alikuwa akimwigiza hivi." Wat akainuka kwa shida, akatembea hatua tatu akichechemea.

Bwana Miles alimtazama. "Unaweza kuurudisha ule mkasi?"

"Hapana, bwana. Jiwe halina nyama tena. Nikiligusa litapasuka."

Hakulazimisha. Walikaa mpaka Avis alipoleta pombe ya shayiri, akanywa, akashukuru, akaenda zake. Siku ya kugawa mashamba, msimamizi alisoma jina la Simon mahali pake pa kila mwaka, na Simon akarudi nyumbani akamwambia mkwewe, bila kumtazama, kwamba mwaka huu watapanda pia maharage.

Bwana Miles aliporudi vitani alibeba ngao nyeupe yenye mkasi mweusi. Waliotoka naye walisema kambini aliitwa mnyoa kondoo, na kwamba mwanzoni alipigana na wawili kwa ajili hiyo, kisha akaacha.