Buti ya Basi la Fisimaji

Mayai yalikuwa matatu, na yote yalikuwa yamegandia kwenye kioo cha mbele cha gari, viini vikiwa vigumu kama vifungo vya koti. Orest Harasym alisimama mbele yake akiwa na kikwangulio mkononi, pumzi ikimtoka nyeupe puani, akahesabu mapazia yaliyosogea. Manne. Katika mtaa wa nyumba kumi na moja, nne zilikuwa zimeamka mapema ili zimtazame akikwangua.

Akakwangua bila haraka. Yai lililoganda halitoki kwa hasira. Hutoka kwa subira, na yeye alikuwa na akiba ya vyote viwili. Alipomaliza aligeukia pande zote nne za dunia yake, akawavulia kofia majirani wasioonekana, akainama kama mcheza ngoma aliyeshangiliwa. Pazia moja likafungwa kwa kishindo, kama pazia linaweza kuwa na kishindo.

Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mtunza vifaa wa Fisimaji, timu ya vijana ya hoki ya barafuni ya mji wa Tessier Falls. Alinoa makali ya viatu vya vijana wasiopungua mia sita, alishona glavu zao, alianika jasho la watoto wa watu. Kwa hiyo timu ilipokaribia kutimiza miaka hamsini, kamati ilimwomba yeye, si mwingine, aandike historia yake. Akaandika, na kila ukurasa aliouandika ukapita mikononi mwa mji mzima. Kurasa arobaini za kwanza zilimletea keki mlangoni. Ukurasa wa arobaini na moja ulimletea mayai.

Asubuhi hiyo alikwenda mkahawani kwa Lucille kama kawaida yake, kwa sababu mtu anayebadili njia amekwisha kukiri kosa. Bernie Tulloch, dereva wa gari la kulainisha barafu, alikuwa amekaa kaunta na wenzake watatu.

"Haya, mwanahistoria huyo," Bernie alisema bila kugeuka. "Ficheni watoto wenu, asije akawaandika."

Wakacheka. Orest akavua glavu.

"Kahawa, Lucille."

"Imekwisha."

Jagi lilikuwa kando ya kiwiko chake, limejaa, linafuka moshi.

"Mbona naiona?"

"Unaona mengi siku hizi, Orest. Hata ya miaka thelathini na saba iliyopita. Macho yamepona lini?"

"Kombe moja, bwana!" Bernie sasa aligeuka, uso umemwiva. "Mji huu una kiwanda cha karatasi kilichofungwa, una reli isiyobeba abiria, na una kombe moja. Moja! Na wewe umeona hilo ndilo la kulikojolea."

"Sijaligusa kombe lenu."

"Kombe lenu! Mmemsikia? Juzi lilikuwa letu sote, leo limekuwa letu peke yetu!"

Orest alivaa glavu zake tena, kidole kwa kidole, akatoka. Nje, baridi ilimpiga usoni, naye akatabasamu. Mji mdogo hauna maadui. Una ndugu waliokasirika, na hao ndio wabaya zaidi. Lakini chuki yao ilimkaa vizuri mwilini. Aliivaa kama koti jipya, akaitembeza barabarani, na moyoni akajiambia kwamba katika mji mzima mwanamume alikuwa mmoja tu.

Kisa chenyewe kila mtu mwenye umri wa kutosha alikuwa akikijua, ndiyo maana hakuna aliyekisema. Fisimaji walikuwa na desturi waliyoiita ubatizo. Kijana mgeni alifungiwa katika buti ya basi, kule chini kwenye mizigo, katikati ya mabegi na magongo, akasafirishwa kutoka kituo cha mafuta hadi daraja la mto. Mwendo wa dakika tano. Pale darajani basi lilisimama, mlango ukafunguliwa, kijana akatoka akinuka soksi za watu ishirini, akapigiwa makofi, akawa Fisimaji. Ubatizo ulifanywa Oktoba, majani yakiwa bado mekundu mitini.

Lakini Elden Klassen hakuja Oktoba. Alikuja Januari ya mwaka 1987, kutoka shamba moja huko Manitoba, kijana wa miaka kumi na saba, aliyeletwa kulinda lango baada ya golikipa wa timu kuvunjika kifundo cha mguu. Desturi ni desturi, wakasema. Hakuna aliyefikiri kwamba desturi ina msimu wake. Siku hiyo baridi ilikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Kocha alikuwa amelala kiti cha mbele, mdomo wazi. Na walipofika darajani, nahodha wa timu, Gord Lahti, akapaza sauti kutoka kiti cha nyuma: "Dereva asisimame! Huyu ni mkulima, ana ngozi nene. Twende naye hadi Dumont!"

Dumont ilikuwa mwendo wa dakika arobaini.

Elden alipoteza ncha za vidole vitatu vya mkono wa kushoto, mkono wa kudakia. Akarudishwa kwao kwa treni. Golikipa wa zamani akapona, na mwezi Mei Fisimaji wakatwaa kombe. Katika kijitabu cha msimu ule iliandikwa kwamba kijana Klassen aliondoka kwa sababu alikuwa amewakumbuka wazazi wake. Aliyeandika sentensi ile alikuwa Orest.

Ukurasa wa arobaini na moja uliifuta sentensi ile na kuweka kisa kizima mahali pake. Ulimtaja Gord Lahti kwa jina. Ulisema ni yeye aliyeamuru, na ni yeye aliyefunga mlango.

Gord Lahti sasa alikuwa mwenyekiti wa klabu. Alikuwa muuza magari mwenye tumbo la heshima na sauti iliyozoea kutiiwa na wanaoisikia. Jumamosi alimwita Orest ofisini kwake, uwanjani, mahali ambapo dirisha lilitazama barafu. Hakumkaribisha kiti.

"Ukurasa nimeuondoa," alisema. "Kitabu kimekwenda kuchapwa bila huo."

"Nilitegemea. Mwoga hakosi mkasi."

"Mwoga?" Gord alicheka kidogo, cheko lisilofika machoni. "Niliamuru, ndiyo. Nilikuwa na miaka ishirini, na akili za miaka kumi na miwili. Nimeliona lile jambo kila Januari tangu siku ile, na wewe hunidai hesabu yake. Lakini soma tena ulichoandika, Orest. Mstari wa mwisho. Kisha uniangalie machoni."

Orest hakumwangalia machoni. Alitazama barafu kule chini, ambako gari la Bernie lilikuwa likizunguka na kuacha nyuma yake njia ng'avu, yenye maji.

"Hujanijibu," Gord akasema.

"Sina cha kukujibu wewe."

"Basi Ijumaa, kwenye sherehe ya miaka hamsini, utakuja kama wageni wengine wa heshima. Jina lako liko kwenye jalada, na watu wakiona hupo wataanza kuuliza. Utatembea juu ya zulia, utapunga mkono, utasema 'Fisimaji oyee', utaondoka. Ukiweza hilo."

"Mimi naweza lolote."

"Ndilo ninaloliogopa. Funga mlango ukitoka."

Akatoka akauacha wazi.

Njiani alijisemea kwamba Gord anatapatapa. Ana nini cha kumwambia yeye? Yeye alikuwa ameupeleka ukurasa ule kwa posta hadi Manitoba, kwa Elden Klassen mwenyewe, pamoja na barua fupi: Ukweli umechelewa, lakini umefika. Sentensi hiyo aliipenda. Aliisoma mara tatu kabla ya kufunga bahasha, kama mtu anayejitazama kwenye kioo akiwa na suti. Na tangu wakati huo alikuwa akisubiri shukrani.

Simu ililia Jumapili baada ya chakula cha mchana.

"Bwana Harasym," sauti ilisema. "Elden Klassen hapa."

Orest alisimama, ingawa hakuna aliyemwona. "Elden! Mwanangu, umeipata barua."

"Mimi nina miaka hamsini na minne. Na sikuwa mwanao hata nilipokuwa na kumi na saba."

Mahali fulani nyuma ya sauti ile mbwa alibweka mara moja.

"Nimesoma," Elden akaendelea. "Mke wangu kasoma pia. Umeandika vizuri. Baridi umeiandika vizuri. Gord umemwandika vizuri, nimemwona kabisa na yale meno yake. Lakini umesema mlango alifunga yeye."

"Elden, ni miaka mingi—"

"Gord alikuwa kiti cha nyuma. Sauti yake niliisikia ikitokea juu, nyuma, mbali. Aliyeinama mlangoni alikuwa na rundo la funguo, alikuwa akizipiga pajani na kupiga mluzi. Aliniambia, 'Jikunje, mkulima, nitakuona darajani.' Halafu akafunga. Katika timu nzima aliyekuwa na funguo ni nani, Bwana Harasym?"

Orest alitafuta kiti kwa mkono nyuma yake asikipate.

"Nilidhani ni dakika tano," alisema.

"Nami nilidhani hivyo. Ndiyo maana nilivua glavu nigonge vizuri mlipopita daraja, mnisikie. Wewe ulikuwa unakaa wapi?"

Orest alikuwa amekaa upande wa kulia, safu ya tatu, juu ya buti kabisa.

"Miaka thelathini na saba," Elden alisema polepole, "nimekuwa na watu wawili wa kuwachukia. Mmoja aliniletea barua akaniomba msamaha mwaka tisini na tano. Sikumjibu, lakini alileta. Wa pili ananitumia karatasi ya kumsingizia wa kwanza, na anataka nimpigie makofi. Usiniandikie tena."

Simu ikakatwa.

Orest alikaa jikoni hadi dirisha likawa jeusi. Kwanza alitukana. Alimtukana Elden, akamtukana Gord kwa kuomba msamaha kimyakimya kama mwizi, akamtukana Lucille na jagi lake. Matusi yalipokwisha, kilichobaki ni miguu yake. Nyayo zake zilikumbuka. Zilikuwa zimekumbuka miaka yote, hata wakati kichwa kilipojifunza hadithi nyingine na kuizoea mpaka ikawa kweli: sakafu ya basi ikitetemeka chini yake, pigo, pigo, kisha mapigo mawili ya haraka, kisha pigo moja peke yake, baada ya muda mrefu. Na mkono wake ukinyooka kwenda kwenye redio ya kaseti, ukiongeza sauti.

Lile koti la chuki alilotembea nalo wiki mbili lilikuwa la kuazima. Mji ulimchukia kwa ushujaa, naye hakuwa nao.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Zulia jekundu lilikuwa limetandikwa kutoka mlango wa wachezaji hadi katikati ya barafu, na vijana wa timu mbili zitakazocheza jioni hiyo walijipanga pande zote, magongo chini. Wageni wa heshima walitembea mmoja mmoja, kila mmoja akisindikizwa na mchezaji aliyemshika mkono. Orest aliitwa wa mwisho. Zomeazomea ilianza kabla jina lake halijaisha.

"Kunguru huyo!"

"Rudi kwenu, msaliti!"

"Kwao ni hapahapa, ndiyo balaa yenyewe!" mwingine akadakia, na kicheko kikazunguka viti.

Gord alimpa kipaza sauti akiwa amevaa uso wa sherehe. "Kwa ufupi," alinong'ona.

Orest alikishika kwa mikono miwili.

"Gord Lahti hakufunga ule mlango," alisema.

Sehemu ya juu ya ukumbi makofi yakaanza. Watu walidhani anaomba radhi. Gord alikuwa amegeuka kumtazama, na uso wake haukuwa wa mtu aliyepona.

"Aliniambia nifunge. Nikafunga mimi. Funguo zilikuwa zangu. Tulipopita daraja nilimsikia kijana akigonga, chini ya miguu yangu hapa. Nilimsikia njia nzima. Nikaongeza redio. Aliitwa Elden Klassen, na hakuwakumbuka wazazi wake. Hilo pia niliandika mimi. Na ninyi mliokuwa ndani ya basi lile, mko humu, nawaona, Bernie nakuona, mlikuwa mkiimba—"

Kipaza sauti kikazimwa. Alihisi midomo yake ikiendelea kwa maneno mawili matatu zaidi, yasiende popote.

Kelele iliyofuata haikuwa na maneno. Ilishuka kutoka ngazi hadi ngazi kama mawe yanayomwagwa kutoka kwenye lori. Gord alisimama kando yake, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahau amekuja kufanya nini. Kisha akaondoka na wageni wengine, haraka, bila kugeuka. Mtu fulani kwenye kamati akafanya ishara. Wafanyakazi wawili wakaanza kukunja zulia kuanzia mlangoni, wakija kwake, wakilisukuma bunda lililozidi kunenepa, mpaka wakasimama hatua moja kutoka viatu vyake.

"Sogea, mzee," mmoja alisema. "Mechi inaanza."

Akasogea. Zulia likaondoka. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani, soli zake laini kama karatasi.

Alitazama safu za wachezaji. Mmoja wao ndiye aliyemleta, kijana mrefu mwenye kovu kidevuni. Sasa alikuwa akitazama mbele kama askari. Hakuna mkono ulionyooshwa. Katika miaka thelathini na minane alikuwa amekatiza barafu ile mara elfu, mbio, na begi la dawa, akienda kwa kijana aliyeanguka. Hakuwahi kuona kwamba ni pana namna hii.

Kikombe cha kahawa kiliruka juu ya kioo cha uzio, kikapasukia mbele yake. Kahawa ikasambaa, ikafuka moshi kidogo, ikaacha kufuka.

Hakuizunguka. Aliinua mguu akauweka, akasubiri barafu iamue. Ikakubali. Akainua mwingine. Mwamuzi alikuwa tayari katikati, kisahani cheusi cha kuchezea mkononi, akimngojea atoke, na juu vitini watu elfu tatu walikuwa wakingoja aanguke. Orest alitazama ncha za viatu vyake tu, akainua tena mguu.